Firigisi ya Jumatatu

Mume wangu akisema basi, ni basi. Aliwahi kuimba besi kwenye kwaya ya kanisa, siku moja akakosea akaingia kabla ya wenzake, watu wawili watatu wakacheka, naye hakurudi tena. Mchungaji alikuja nyumbani kumbembeleza mpaka akachoka. Kwa hiyo aliposema, tukiwa bado tumesimama uwanjani Lalago na vumbi halijatua, kwamba hatadaka tena mpira maisha yake yote, mimi nilimwamini. Wengine wote walidhani ni hasira za mchezo.

Hiyo ni miaka ambayo wanunuzi binafsi wa pamba walianza kumiminika Bariadi, kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu. Mmoja wao alijipendekeza kwetu kwa kukubali kuwa mwenyekiti wa timu. Alitupa lori la kusafiria na jezi alizochambua kwenye marobota ya mitumba. Namba nilizishona mimi kwa cherehani yangu, kwa sababu jezi zilikuja na namba tisa mbili na hazikuwa na namba moja kabisa. Kipa, yaani mume wangu, alivaa sweta la kijani ambalo naapa lilikuwa la kike. Nilinyamaza. Lilimkaa vizuri.

Timu yetu ilikuwa imeshapata nafasi ya kuingia mechi za mtoano. Mchezo wa Lalago ulikuwa wa mwisho kabla ya hapo, na hata tungefungwa tungepita tu. Lakini kipa tulikuwa naye mmoja. Yule wa akiba alikuwa amefuata ng'ombe wa baba yake huko Kimali, na hakuna aliyejua angerudi lini.

Siku hiyo mama mkwe wangu alisema naye anakwenda. Alikuwa hajawahi kuona mpira, ila alikuwa mcheza ngoma wa kutajika ujana wake, na aliposikia kuna mashindano Lalago, miguu ilimwasha. Tulimpandisha mbele kwa dereva, sisi tukajazana nyuma.

Kwa wasiojua ngoma zetu, niseme hivi: makundi mawili yanapambana kwenye uwanja mmoja, kila moja na upande wake, kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Basi. Ukiona watu wanakukimbia kwenda kwa mwenzako, umeshindwa.

Kipindi cha pili, tukiwa sare ya bao moja kwa moja, mama mkwe alichoshwa na kusimama. Akachukua debe tupu la maji la wachezaji, akampa kijana mmoja alipige, akaanza kucheza pembeni mwa mstari. Wanawake wetu wakaitikia. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, sifichi. Wanawake wa Lalago wakaja kutazama, kisha wanaume wao, kisha wauza karanga. Dakika za mwisho nusu ya Lalago ilikuwa upande wetu, imeupa uwanja mgongo. Ndipo mpira ukadunda kwenye kishungi cha nyasi, ukampita mume wangu kwapani, ukaingia. Mbili moja. Waliopiga kelele ni wachache, wengine walikuwa wanatutazama sisi.

Njiani kurudi, huko nyuma ya lori, wachezaji walianza vizuri kwa kununa. Kabla hatujafika Maswa mmoja akasema afadhali tumefungwa sasa, kwa sababu kufungwa ni kama surua, ukishaugua imekwisha. Mwingine akasema sasa hao wa mtoano watatudharau, na anayekudharau umeshamshika. Wakaona hayo ni maneno ya akili kabisa. Wakaimba mpaka Bariadi. Nilitaka kuwakasirikia, nikajikuta naitikia kiitikio. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye tairi la akiba, amejifunika lile sweta kichwani.

Asubuhi hakutoka kitandani. Nikamwambia wenzake watakuja. Akasema wakija niwaambie amefariki. Niliumia, siwadanganyi. Mwanamume akiacha mambo yake mawili anayoyapenda, la tatu analoacha ni kucheka, na mimi niliolewa naye kwa sababu ya kicheko chake.

Mwenyekiti alifika saa nne na washabiki watatu, nyuso wamezirefusha kwa kuja kubembeleza. Wakamkuta mama mkwe uani anapakua. Alikuwa amechinja jogoo mkubwa.

"Mwangaluka," akawaamkia. "Karibuni mle. Wabeja, asanteni kwa ushindi."

Wakatazamana. Mwenyekiti, mtu anayeweza kumbishia mkulima mzani mchana kutwa, alikaa mkekani akanawa mikono. Nani atamkosoa mama wa watu mbele ya sufuria yake? Mwenyekiti alinisikia nikicheka chinichini, akanikata jicho.

Harufu ya kuku ilimtoa marehemu chumbani. Mama yake akampakulia wali, akaweka firigisi juu kabisa, mbele ya wageni wote, kama anavyostahili mshindi.

Mume wangu akaitazama ile firigisi.

"Mayu," akasema, "tulifungwa jana."

"Nani kasema?"

"Mbili moja. La pili lilinipita mimi, hapa kwapani."

Mama mkwe akaweka upawa chini. "Watu walikuwa upande gani?"

"Wetu."

"Na wa Lalago?"

"Walikuja wetu pia."

"Sasa hao walishindaje, wamebaki na mbuzi na refa?"

Mwenyekiti akaona huo ndio wakati wake. Akamweleza magoli ni nini, nyavu, mstari, yote, kwa heshima na kwa mikono. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo watu wote wale wanatoka makwao kuja kutazama kile kimpira? Nyinyi hawawatazami?"

Mshabiki mmoja alipaliwa na wali. Nikamsikia mume wangu anacheka, kile kicheko chenyewe, cha kutoka tumboni. Niliomba Mungu asinyamaze.

Lakini mama mkwe hakuwa anatania. Kama wameshindwa, wameshindwa. Alinyoosha mkono akaitoa firigisi kwenye sahani ya mwanawe, akairudisha sufuriani, akafunika.

"Hii nitawawekea," akasema. "Mpaka mshinde."

Mwenyekiti alinitazama mimi, nami nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshika tonge mkononi, anaitazama sufuria kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Itaoza, mayu," akasema. "Tunacheza Jumapili."

Mama mkwe akafikiri kidogo, akafunua sufuria. "Basi kula," akasema. "Jumapili nitachinja mwingine."

Nilisema naenda kuongeza maji ya kunawa. Nikasimama nyuma ya jiko, nikajifuta macho kwa khanga, nikawasikia huko uani wageni wameshaanza kubishana na mume wangu nani atapanga ukuta wa mabeki.