Shelfu Zilizolibana Friji

Mama alikuwa akijichoma sindano mbili za sukari kwa siku, asubuhi na jioni, na sikumsikia akilalamika hata siku moja. Alipokuwa bado anaishi Mkange, kabla sijamchukua kuja kukaa nami Bagamoyo, chupa zake za insulini alizifunga kwenye mfuko wa nailoni, akazilaza ndani ya chungu chenye mchanga mbichi, akakiweka pembeni pasipofika jua. Aliishi hivyo miaka na sukari yake ilitulia. Mimi ndiye niliyesema chungu ni ushamba. Nikanunua friji, nikampangia chupa zake mlangoni, zikakaa humo kwa ubaridi wake, na mambo yalikuwa mazuri tu mpaka nilipoanza kimbelembele changu.

Mimi ni mpishi katika nyumba ya wageni. Jiko la pale lina friji lililotiwa katikati ya makabati, mbao kushoto, mbao kulia, mbao juu, limetulia utadhani limezaliwa na ukuta. Nikirudi kwangu nakuta friji limesimama peke yake katikati ya jiko, madebe ya unga yako chini, sufuria zimepandana, na roho inaniuma. Wivu huo, sina jina jingine. Seremala wa mtaani aliponitajia bei nilimwambia, "Nimekuuliza shelfu, sijakuuliza nyumba." Nikaapa nitatengeneza kwa mikono yangu.

Nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi kulikuwa na paleti zimetupwa, zile mbao za kupangia mifuko ya saruji. Nikaziomba, nikapewa. Nilizing'oa misumari mmoja mmoja, nikaigongagonga juu ya jiwe mpaka ikanyooka. Nikaazima randa na msumeno, msasa nikanunua. Siku zangu za mapumziko zote ziliishia uani, jasho linanitoka, vumbi la mbao limejaa mpaka puani. Nilisimamisha jikoni mihimili miwili huku na miwili kule, nikapigilia mbao za kulalia vitu, na nyuma nikaziba kwa kipande cha plaiwudi ili ukuta wenye masizi usionekane. Kisha nikalisukuma friji mle ndani kwa bega. Likaingia limebana, hata wembe haupiti. Wallahi nilifurahi.

Mama alikuwa amekaa mkekani anafuma kitambaa. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, usilibane hivyo. Mgongo wake una moto huo. Mimi huanika vitambaa vyangu pale nyuma, vinakauka mara moja."

"Ah, mama nawe! Wewe na friji wapi na wapi? Juzi tu ulikuwa na chungu."

Nilimjibu hivyo, na nilikuwa nimepandisha sauti, maana nilikuwa nimechoka na kidole kimepigwa nyundo. Akacheka kidogo, akasema, "Haya, fundi wewe." Akarudi kwenye uzi wake.

Majirani niliwaita mwenyewe. Sikungoja waje. Wakaingia jikoni wakishika mbao, wakinipongeza, "Hongera! Huyu ndiye mwanamke!" Mmoja akauliza nimepata wapi moyo wa kufanya kazi yote ile. Nikajibu mbele ya mama, "Namfanyia mama yangu huyu, asiwe anainamainama kutafuta vitu." Lo, ulimi! Madebe ya unga nilikuwa nimeyapanga juu kabisa, mahali ambapo mama hafiki hata akisimama kwa vidole. Lakini uso wake ulikunjuka kwa furaha, na jioni ile alileta kitambaa chake kipya cheupe akakitandika juu ya friji, kikaziba na ule uwazi mdogo uliobaki chini ya shelfu.

Ilikuwa Januari, joto la kukata pumzi. Friji likawa linanguruma kutwa bila kupumzika, nami nikasema linachapa kazi. Maji yakawa hayapoi vizuri, nikasema umeme ni mdogo. Mtaa mzima husema umeme ni mdogo, nani angenibishia? Samaki tulinunua wa siku hiyo hiyo na kupika hapo hapo, kwa hiyo hakuna kilichooza kikanipa habari. Mle ndani mlikuwa na maji na dawa za mama tu.

Mama akaanza kuwa na kiu. Alikunywa maji kopo baada ya kopo, akaenda msalani mara nyingi, akakonda mpaka gauni likawa linamvaa yeye. Mimi nikamwambia anakula tende kwa siri. Ndiyo, nilimwambia hivyo mama yangu mzazi, tena kwa ukali, na kopo la sukari nikalifungia chumbani kwangu. "Wallahi mwanangu, sijagusa," alisema. Sikumwamini. Zahanati wakamwongezea kipimo cha dawa, naye akaongeza, akawa anajichoma mara tatu maji yasiyo na kazi.

Kisha akajikwaa dole gumba kwenye kizingiti cha bafuni. Kidonda kidogo tu, cha kupaka dawa na kusahau. Hakikupona. Kikatoa maji, kikanuka, kikawa cheusi, na weusi ukapanda. Tulipofika hospitali daktari aliuliza dawa tunaihifadhi wapi. Nikamjibu kwa kujidai, "Kwenye friji, daktari." Akaandika. Siku ya tatu walimkata mguu chini ya goti.

Wodini walimpa insulini yao, sukari ikaanza kushuka. Muuguzi akanionyesha kwenye kadi, akasema, "Unaona? Dawa inamkubali." Yeye alidhani ananipa habari njema. Dawa ilikuwa ya aina ile ile aliyojichoma nyumbani wiki zote zile!

Nilirudi nyumbani moja kwa moja, nikafungua friji, nikashika chupa. Ilikuwa na uvuguvugu kama maji ya kumwogesha mtoto. Nikaweka kiganja ubavuni mwa friji, nikakitoa haraka kwa moto. Nikamwita fundi wa friji. Alitazama shelfu zangu, akafunua kile kitambaa, akatikisa kichwa.

"Dada, hili friji mmelizika. Linatoa joto nyuma na ubavuni. Joto likikosa pa kwenda linarudi ndani."

"Mbona la kule kazini kwangu limezungukwa na makabati?"

"Lile wameliachia njia ya hewa, hujaichungulia tu. Hizi mbao kapiga nani?"

"Seremala," nikasema.

Uongo wa kwanza huo. Wa pili niliwaambia ndugu wote waliokuja kumjulia hali mama, kwamba umeme ulikuwa unakatika na dawa zikaharibika. Wote wakaulaani umeme, nami nikaitikia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu asiyesikia nilikuwa mimi, na mguu ukaenda wa mkuu. Shelfu nilizivunja kwa shoka siku hiyo hiyo, mbao nikapikia maharage, nikilia, na moshi ukanisaidia kujificha.

Mama aliporudi hakuuliza ziko wapi. Nilimhudumia wiki kadhaa bila kumwambia kitu. Siku moja baada ya adhuhuri, nikiwa nambadilishia bandeji, nikashindwa kuendelea kuficha. Nikamwambia yote. Nikamwambia halikuwa tatizo la umeme, nilikuwa mimi, niliyelibana friji na yeye alinionya nikamfokea. Nikamwomba radhi nimeshika kile kilichobaki cha mguu wake.

Hakushtuka. "Najua, mwanangu," akasema. "Chupa zilikuwa na joto tangu wiki ile ile uliyomaliza. Mimi ndiye ninayezishika kila siku."

Mtume! Niliona giza. Kisha nikapandwa na hasira, nasema kweli, nilimkasirikia mwanamke aliyelala kitandani na mguu mmoja. "Kwa nini hukusema, mama? Kwa nini?"

"Nilisema mara moja, ukakasirika. Nikadhani labda litatengemaa lenyewe." Alijivuta kidogo kwenye mto. "Na kitu kile umejitesa jua lote lile, umekitengeneza kwa ajili yangu, mbele ya watu umesema. Mimi ningeanzaje kukitia kasoro? Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunitengenezea kitu."

Bandeji ilikuwa mkononi mwangu, nusu nimeizungusha, nusu inaning'inia. Mama alinitazama, akaniuliza, "Si ulinitengenezea mimi?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilikutengenezea wewe."