Sufuri za Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zangu nyingi za miaka ile ya themanini zilikuwa za daftari moja lenye jalada la buluu. Nilikuwa nesi mkunga katika nyumba ndogo ya uzazi mjini Malindi. Daktari wetu, bwana mpole wa kutoka bara, alikuwa amejifunza kuchoma sindano ya mgongo ya kutuliza uchungu wa kuzaa. Kwetu pwani jambo hilo lilikuwa geni, na wanawake walilijadili kama wanavyojadili posa ya mtu wasiyemjua kwao.

Dawa zilikuwa mbili. Lignokeini tuliiita ya haraka: dakika chache tu mzazi ameshusha mabega, lakini saa moja hivi ikipita ilianza kuisha. Bupivakeini tuliiita ya taratibu. Hiyo ilichelewa kushika, ila ikishika ilikaa, na wengine miguu iliwawia mizito hata tukawageuza kwa mikono. Daktari alitaka kujua ni ipi itufaayo. Tukazipa zamu, leo hii kesho ile, naye akanipa daftari: kila robo saa nimuulize mzazi anaumwa kiasi gani, niandike sufuri kwa asiyeumwa hadi tatu kwa anayeumwa sana.

Kazi rahisi, sivyo? Basi hujui watu wetu. Kwetu Takaungu mwanamke hulelewa akijua kwamba akishikwa na uchungu, sauti yake isivuke mlango. Nyanya yangu alikuwa akisema anayepiga kelele humuaibisha mama yake. Wahenga walituambia mficha uchi hazai. Sisi uchi tuliufichua, tukauficha uchungu. Mimi nauliza, "Bibi, waumwaje sasa?" naye jasho lamtiririka, ameuma ncha ya leso, ananijibu, "Sijambo, dada. Alhamdulillahi." Mmoja alinigeuzia maneno, akaniuliza habari za nyumbani. Niandike nini? Naandika sufuri.

Wale mabibi wa kutoka bara, ambao waume zao waliajiriwa mahotelini na maofisini, wengi walisema wazi: inauma, ongeza. Daktari alipokuja kujumlisha, akaniambia dawa zote mbili zinaelekea kuwa sawa. Nikamwambia, "Daktari, hapo umelinganisha watu, si dawa." Akacheka. Nami nikacheka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: nilijua, na bado nikaendelea kuandika.

Kisha akaja mdogo wangu, mimba yake ya kwanza, amefuatana na mama yetu. Uchungu ulimwanza alfajiri, na kufika saa nne asubuhi alikuwa amechoka hoi. Nilimwomba daktari amchome sindano. Siku hiyo ilikuwa zamu ya dawa ya haraka, nayo ilishika vizuri. Mdogo wangu akapata usingizi kidogo, na alipoamka akanitania kwamba miguu yake nimeiazima, nisisahau kumrudishia.

Mama alisimama kichwani pake, mkono begani. Kila robo saa nilikwenda na daftari langu. "Unaumwa?" "Sijambo, dada." Sufuri. "Na sasa?" "Sijambo." Sufuri. Mara sita hivyo hivyo. Dawa ya haraka haikai muda wote huo bila kuongezwa. Nililijua hilo kama ninavyojua njia ya kwetu. Lakini alikuwa mdogo wangu, nilimtaka awe hodari, na ukweli ni kwamba nilijivunia zile sufuri.

Mtoto akakwama. Daktari akasema itabidi amvute kwa koleo. Kwanza, ili ajue kama dawa bado imeshika, akampangusa tumbo kwa pamba yenye spiriti, akamuuliza kama anasikia baridi. Mdogo wangu akamtazama mama, kisha akasema, "Sisikii." Daktari akanigeukia mimi. "Daftari linasemaje?"

"Sufuri, daktari."

Akaingiza vyuma. Mdogo wangu hakupiga kelele. Niliona vidole vya miguu yake, ile miguu niliyoiazima, vikijikunja mpaka vikawa vyeupe. Nikasema, "Ngoja, daktari," lakini nilichelewa. Mtoto wa kike alikuwa tayari mikononi mwake, mzima, analia.

Alasiri nilikwenda kuketi kando ya kitanda. Mama alikuwa dirishani, amempakata mjukuu.

"Ulisikia?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Nilisikia yote, dada."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza mbele ya mama."

Nikamgeukia mama kwa hasira ambayo mtoto hapaswi kumwonyesha mzazi wake. "Mama, heshima hii yenu itakuja kuua mtu."

Mama aliondoka dirishani. Alimlaza mtoto ubavuni mwa mdogo wangu, akaja akaketi karibu nami. "N'mezaa sita," akasema, "na wewe ndiwe wa kwanza. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja." Kisha akasema, "Nipe mkono."

Siku hizi wakunga wadogo hunicheka kwa kuwa nampa mzazi mkono badala ya kumuuliza. Mimi humwambia anibane kadiri anavyoumwa, asiseme neno. Wakati ule, ndani ya wiki chache tu, mkono huo ulizitenganisha zile dawa mbili vizuri zaidi kuliko daftari lilivyowahi: ya haraka ilipokuwa ikiisha, niliijua kwa mifupa ya vidole vyangu, na daktari akaongeza kabla mtu hajateseka. Huulizwa nilifunzwa chuo gani. Sikufunzwa chuoni.

Alasiri ile mama aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Wewe ulikuwa hivi," akasema, akaanza kubana. Alibana taratibu, akazidi, macho yake ukutani, uso wake mtulivu kabisa. Pete ikanichoma. Nikajikaza kadiri nilivyoweza, machozi yakanitoka.

"Mama, inauma."

"Bado," akasema, wala hakuniachia. "Hapo ni adhuhuri tu. Wewe ulizaliwa magharibi."