Mawimbi ya Shangazi

Nilipokuza picha kwenye kompyuta, kitambaa cha shangazi kilikuwa kimejaa mawimbi.

Siwatanii. Kitambaa cha kijivu, kimetundikwa ukutani kimetulia, lakini pichani kimepindapinda kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi.

Mwingine angekimbilia maombi. Mimi nilisonya tu, maana ugonjwa huo naujua.

Mimi ni mpiga picha. Mtaani wananiita Miwani, na sababu mnaijua. Mwaka huu nilinunua kamera mpya, kali balaa. Ile ya zamani ilikuwa na kioo chembamba ndani, kazi yake kulainisha picha kidogo. Hii mpya hawakukiweka. Kope za bibi harusi unazihesabu moja moja.

Ila ukali huo una adhabu yake. Ukipiga nguo yenye nyuzi nyembamba za karibukaribu, nyuzi zinagombana na safu za vidoti ndani ya kamera, halafu picha inatoka na mawimbi ambayo kwenye nguo hayapo. Sisi tunaita moare.

Harusi ya kwanza niliyopiga nayo, suti ya bwana harusi ilitoka na mawimbi kifua kizima. Mama yake akaniuliza mbele za watu, "Wewe Miwani, mwanangu umemvika magamba ya samaki?"

Walicheka mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo, wimbi nikiliona nalifuta.

Sasa shangazi. Dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenilea. Anafuma vitambaa kwa mkono, ana karakana nyuma ya nyumba na wanawake wawili wa kumsaidia. Vidole vimeanza kukakamaa, wateja nao wamepungua. Ikatokea kampuni moja ya mapambo inatafuta mapazia ya jengo kubwa, wakaomba picha ya kitambaa kimoja. Wakikipenda, karakana inapumua. Wasipokipenda, anafunga.

"Kufuma nimemaliza," akaniambia. "Iliyobaki ni kazi yako, baba."

Nikaenda. Nikasimamisha taa, nikavua miwani, shangazi akatundika kitambaa, nikabandika jicho kwenye kamera. Huwa napiga bila miwani, kidirisha cha kamera nimekirekebisha kifuate ubovu wa jicho langu. Kwenye kile kidirisha kidogo niliona kijivu. Nikitoa jicho, hata shangazi mwenyewe ni ukungu.

"Umekiona?" akauliza, anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi.

"Nimekiona, shangazi. Kizuri mno."

Muongo mkubwa mimi.

Nyumbani ndipo nikakutana na yale mawimbi. Nikaanza kazi. Futa hapa, lainisha pale, mpaka kikawa kijivu kitupu kama shuka la hospitali. Nikajipongeza, nikawatumia wale wa kampuni.

Jibu likaja: "Kizuri, ila ni cha kawaida. Asanteni."

Shangazi alilisoma kwenye simu yangu, akalirudia.

"Cha kawaida?"

"Ndivyo walivyosema."

"Basi macho yangu yamezeeka."

 Akawaaga wale wanawake wake, akautafutia mnunuzi mtambo wa kufumia.

Siku ya kuubeba nilikwenda kusaidia. Safari hii nimevaa miwani. Kile kitambaa alikuwa amekitundika dirishani kama pazia. Napita na mbao za mtambo begani, kikacheza.

Nikasimama, kikasimama. Nikarudi nyuma, mawimbi yakarudi nami.

"Shangazi, hiki kitambaa kinacheza!"

"Sasa si ndiyo kazi yenyewe?"

Akanifunulia. Matabaka mawili mepesi, moja mbele ya jingine, nyuzi zake hazilingani kidogo. Ukipita, zinapishana, mawimbi yanatokea. Mawimbi ya kweli, ya kuonwa kwa macho.

"Nimehangaika nacho miaka," akasema. "Siku ile si uliniambia umekiona?"

 Nikamweleza yote palepale, nalia kama mtoto. Alikaa juu ya mbao zake akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikawatumia wale wa kampuni picha halisi, ile ambayo sikuigusa. Wakajibu: "Hii ina moare. Ile ya kwanza ilikuwa safi zaidi."

Jamani!

Tukakunja kitambaa tukakipeleka wenyewe ofisini kwao. Mama mmoja, ndiye mwenye kauli ya kununua, akatuelekeza tukitundike kwenye mlango wa kioo. Akapita mbele yake. Akarudi. Akapita tena, anacheka peke yake.

"Hiki ndicho nilichokuwa natafuta! Lakini kazi tumeshasaini na wengine, siwezi kurudi nyuma. Ile picha ya kwanza ilikuwa ya kitambaa gani?"

Nikafungua mdomo. Shangazi akaniwahi.

"Kosa langu, mwanangu. Uzee huu! Nilimpa kijana kitambaa sicho."

Nami nikanyamaza. Nilijua ofisi ile hutoa kazi za picha, nikanyamaza nikimshikia mkoba.

Nje nikamuuliza kwa nini amesema vile.

"Mimi mtambo nimeshauza," akasema. "Lawama hainipunguzii kitu. Wewe bado unakula kwa jina lako."

Akanishika mkono tuvuke barabara. Vidole vyake havikunjiki vizuri, lakini alinishika hivyohivyo, kama zamani alivyokuwa akinipeleka shule.

Juzi yule mama amenipigia. Anataka nikapige picha za mapazia ya hao wengine.

"Picha zako nazipenda," akasema. "Zimetulia."

Nikamwambia nitamjibu. Sijala vizuri tangu siku hiyo.

Ndugu msomaji, kabla hujafuta kitu kwa kudhani ni kosa, vaa miwani, sogea, ukiangalie kwa macho yako.

Na wewe mama wa ofisini, jibu lako ni hili. Kitambaa kilikuwa kilekile. Mawimbi niliyafuta mimi. Shangazi yangu hakukosea chochote, isipokuwa kuniamini nilipomwambia nimekiona.