Stovu ya Sindano

Nilipofanywa mkuu wa kliniki yetu ya mtaani, muuguzi aliyenifundisha kudunga sindano aliacha kuniita kwa jina. Akaanza kuniita Bosi. Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Yeye alikuwa pale tangu nyumba za mtaa zikiwa na rangi mpya. Mimi nilikuwa na miaka minane ya kazi na cheti kimoja, cha miezi mitatu ya kozi ya uongozi. Wakubwa walimpeleka mwenye Kiingereza kizuri, si mwenye kuijua kazi. Nilimshukuru Mungu kwa kozi ile, na bado namshukuru. Ila sikumwuliza kwa nini hakupelekwa muuguzi yule.

Kozini tulifundishwa kwamba kiongozi hugawa kazi, kila mtu kwa kiwango cha ujuzi wake. Basi Jumatatu yangu ya kwanza nikabandika ratiba ukutani. Kuwasha stovu na kuchemsha sindano, kazi aliyoifanya yeye kila asubuhi kabla sisi wengine hatujafika, nikampa mfagiaji. Nilidhani nampumzisha.

Alisoma ratiba mikono ikiwa kifuani.

"Bosi, umeninyang'anya stovu?"

"Nimekupunguzia kazi, Sista. Wewe ni mtu mzima."

"Eeh, mtu mzima." Akacheka bila kuonyesha meno. "Shukrani ya punda."

Kila mtoto hulia akidungwa chanjo. Lakini kilio cha wiki zilizofuata kilikuwa kingine. Sindano zilivuta ngozi kabla ya kuingia. Mama mmoja aliyekuja kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga alinipokonya mtoto mikononi.

"Kwani hiyo ni ya ng'ombe? Dunga wako kwanza!"

Benchi zima likacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Kabla ya saa sita habari ilikuwa imefika bombani, kwa wanawake wa kuteka maji. Wiki ya tatu benchi lilikuwa nusu tupu, na surua ilikuwa imeshaingia mtaani.

Muuguzi yule aliketi kwenye meza ya mizani, akiandika kilo za watoto, akinitazama. Hakusema kitu. Nami nilimwomba Mungu amhamishe. Niliomba kwa unyenyekevu, kwa maneno mazuri sana.

Aliyenifungua macho ni mfagiaji. "Sista, mimi nachemsha tu. Yule mama wa mizani alikuwa anazipitisha kwenye pamba, moja moja. Ile inashika nyuzi, ananoa na jiwe. Jiwe alienda nalo kwake."

Miaka minane, na sikuwahi kufika mapema kiasi cha kuliona hilo. Nilimfuata kwenye mizani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ilikuwa kwenye ratiba?"

"Watoto wanaumia!"

"Nimewasikia. Mimi nilikuwa hapa. Wewe ulikuwa ofisini na ripoti zako."

Nilimwambia ana roho mbaya. Akaniambia mimi ni cheti kilichovaa kofia. Akina mama wawili waliokuwa kwenye benchi walisikia yote.

Kesho yake nilifika kabla yake nikawasha stovu mwenyewe. Aliingia bila salamu, akavuta kigoda, akaweka jiwe mezani.

"Maji hayajachemka. Unakimbilia wapi?"

Nikangoja. Sindano zilipochemka na kupoa nilipitisha ya kwanza kwenye pamba.

"Hii ni nzuri."

"Imeshika. Huoni? Macho uliyaacha kozini?"

Tuliendelea hivyo kila asubuhi, na hakuna hata moja aliyonipa neno jema. Zile tulizojaribia tulizirudisha kwenye maji, tukachemsha upya. Jioni nilipita nyumba kwa nyumba kuwaomba akina mama radhi. Wengine walinifungia mlango.

Yule wa Mukuru alirudi, mtoto mgongoni, uso umekunjwa.

"Mimi nataka yule mama mzee."

Nilikuwa tayari kusogea. Yeye hakuinua kichwa kwenye mizani. "Bosi atadunga," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.

Nilichagua sindano niliyoinoa kwa mkono wangu. Mtoto alishtuka, akalia kidogo, akanyamaza alipopewa titi. Mama yake alifunga leso, akanikagua kuanzia kofia hadi viatu.

"Afadhali," alisema. Siku mbili baadaye alileta jirani zake.

Hadi leo zile wiki tatu za kimya chake hunichoma, na kusamehe nako kumenichukua muda mrefu kuliko kozi yoyote. Lakini namshukuru Mungu kwamba hakuijibu ile sala yangu. Siku ile nilimgeukia kumwambia asante. Alikuwa ameshanipa mgongo.

"Mwingine!" alilipigia benchi kelele. "Bosi anangoja."