Dereva wa Basi la Shule Aliyekosea Mlango

Saa kumi na moja alfajiri, mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu anasimama mbele ya mlinzi wa geti la shule, anapanua mdomo na kumpulizia usoni. "Haaa!"

Mlinzi anapangusa pua, ananusa, anafikiri. "Vitunguu tu," anasema. "Pita."

Ndivyo inavyoanza siku ya mtu ambaye watoto wanamwita Anko Honi. Anaosha basi la njano, anapima upepo wa matairi, anafuta viti kimoja kimoja. Kisha dada mmoja mwenye miwani anapanda, anakaa kwenye kiti cha dereva ambacho Anko Honi alikikalia miaka kumi na moja, na kwenda kuwachukua watoto. Yeye anabaki na ndoo.

"Inauma," anasema. "Lakini kwa niliyoyafanya, hata hii ndoo ni bahati."

Mwandishi wa makala haya alipoyasikia hayo aliyoyafanya, alisahau kuandika.

Anko Honi alikuwa akinywa kabla ya kuendesha. Si jioni, si mwisho wa wiki. Alfajiri. "Vikombe viwili vya kali, mikono itulie," anasema bila kupepesa macho. Nyuma yake watoto thelathini, wanaimba. Jamani, inatisha.

Kilichomshtua mwenyewe ni asubuhi moja isiyokuwa na ajali yoyote.

"Nimefika shuleni, watoto wameshuka, wananipungia mkono. Nikajiuliza, hivi nimepita njia gani? Sikukumbuka kona hata moja."

Mkewe alimpeleka zahanati. Muuguzi akawaambia kwa sauti ya chini kwamba kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, hukutana kila Jumamosi alasiri kwenye ukumbi nyuma ya soko. Mlangoni hawaweki kibao, maana wengi huogopa kuonekana. Alama yao ni chupa kubwa ya chai, nyekundu, juu ya stuli nje ya mlango.

Jumamosi mbili alifika, akaiona chupa, akapitiliza kama mtu mwenye safari zake. Ya tatu akajikaza, akaingia.

Asichojua ni kwamba siku hiyo mama msafishaji wa ukumbi, mwenye chupa, alikuwa ameihamishia nje ya chumba cha jirani, kwenye mkutano uliokuwa na watu wengi zaidi. Ulikuwa mkutano wa wazazi. Wazazi wa shule ile ile.

Hakuwatambua?

"Watoto wengi huletwa kituoni na dada wa kazi," anajitetea. "Halafu nilikuwa nimeinamisha kichwa, naona viatu tu. Niliyemtambua ni mama mapacha, yeye huwaleta mwenyewe. Nikasema moyoni, kumbe hata mama mapacha anapiga mtungi! Maskini. Nikapata moyo."

Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye jambo, Anko Honi akasimama, akatoa yote. Vikombe. Alfajiri. Kona asizozikumbuka.

"Basi gani?" mama mapacha akauliza.

"Si lile la njano, mama," akamjibu kwa upole. "Lile la mapacha wako."

Mama mapacha ni fundi cherehani, hushona sare. Akilisimulia hili anasimamisha cherehani. "Nilikuwa na kikombe cha chai, sijui kilienda wapi. Watoto ninawapigia pasi mpaka soksi, halafu nawakabidhi kwa mlevi! Na yeye amesimama pale ananiangalia kwa huruma, eti mgonjwa mwenzake!"

Baba mmoja alimkunja shati. Mwingine akampigia simu mwalimu mkuu. Anko Honi alipoelewa yuko wapi, aliweka funguo za basi mezani, akakaa sakafuni.

Aliyemwinua ni mama mapacha. Alimshika mkono wa shati, akamvuta hadi chumba cha pili, walimokuwa wale wanaoacha pombe, akabisha, akamsukuma ndani.

"Sikumhurumia, andika hivyo hivyo," anasema. "Nilitaka nimwone kwa macho yangu akiingia. Nikakaa pale mlangoni mpaka walipomaliza."

Leseni ya Anko Honi ilisimamishwa. Shule ilimbakiza kama mwosha basi kwa nusu ya mshahara, kwa sharti kwamba asikose kikundi na ampulizie mlinzi kila asubuhi. Familia imehamia chumba kimoja. Huu ni mwezi wa tisa hajagusa kikombe, na kikundini wanamtania bila huruma. "Wewe ulianza kuungama kwa wenye watoto," wanamwambia, "sisi tutakutisha na nini?"

Anacheka, ila si sana. Anachokitaka ni kile kiti chake, na anajua hana haki ya kukidai.

"Leseni ikirudi, siku ya kwanza sitaki mtoto ndani ya basi," anasema, akikamua kitambaa. "Nataka abiria mmoja tu, mama mapacha. Nimzungushe njia nzima, nimtajie kila kona tunayopita. Tukirudi, aamue yeye."

Mama mapacha, alipoulizwa kama atapanda, alimaliza kwanza kukata uzi.

"Nitapanda," alisema. "Kiti cha mbele. Lakini kabla hajagusa ufunguo, anipulizie mimi. Yule mlinzi ana mafua kila siku."