Nusu ya Kurudi

Mimi ndiye niliyekata ile karatasi. Nilitumia wembe mpya wa baba, nikaweka rula juu ya mstari, nikakata polepole, na wote waliokuwa pale wakausifu mkono wangu.

Tulikuwa tunakaa Busia, upande wa Uganda, karibu na kizuizi cha mpaka. Bendera mpya za nchi zote mbili zilikuwa bado hazijapauka. Baba alilima pamba. Mama alinunua samaki wakavu kule Majanji, ziwani, akawauza leo upande huu, kesho upande wa Kenya, maana kwake mpaka ulikuwa mahali pa kusalimiana na askari tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeishia darasa la sita, na kichwa kimejaa mambo ya mbali. Ndege ikipita juu, hata iwe ndogo kama nzi, niliacha jembe nikaipungia mkono.

"Wamekuona," kaka yangu alikuwa akinitania. "Rubani amesema nikusalimie."

Kaka alikuwa mtoto wa kwanza na wa kiume peke yake. Barua ya chuo cha Ulaya ilipofika, ilisema watamlisha na kumlaza, ila nauli ni juu yetu. Masomo yangechukua miaka mitatu, au minne, au zaidi akifanya vizuri. Barua yenyewe haikuwa na hakika.

Tikiti zilipatikana Tororo, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa mbele, na nyuma akawa na meza ya mambo ya meli na ndege. Tulikwenda wote wanne, tumevaa nguo za kanisani. Mhindi alimpa mama kiti, akatandaza karatasi tatu.

"Hii namba moja, meli toka Mombasa. Bei iko chini, lakini kijana atatapika mpaka Ulaya. Hii namba mbili, ndege toka Entebe, kwenda tu. Hii namba tatu, ndege, kwenda na kurudi."

"Kurudi siku gani?" baba akauliza.

"Siku iko wazi, mzee. Mimi naandika wazi, yeye atachagua mwenyewe. Lakini ndani ya mwaka moja. Mwaka ikiisha, karatasi nakufa."

Kaka alitaka ya kwenda tu. "Baba, kwa mwaka mmoja nitakuwa sijamaliza. Tutakuwa tumetupa ng'ombe bure. Nikimaliza nitafanya kazi hukohuko, nijinunulie ya kurudi."

Kwa hesabu alikuwa na haki. Baba alianza kutikisa kichwa kukubali, ndipo mama akasema, bila kupandisha sauti, "Wanaoondoka bila cha kuwarudisha, mimi nimewasindikiza wengi. Tunawasindikiza hadi kaburini, tunarudi nyumbani."

"Mama, jamani."

"Na nikifa ndani ya huo mwaka? Nani atanitupia udongo wa kwanza?"

Kwetu udongo wa kwanza juu ya mama hutupwa na mwanawe wa kwanza wa kiume. Wengine husubiri, mikono imejaa, mpaka yeye aanze.

"Wewe una nguvu kunishinda," kaka akasema.

"Nimeuliza nani."

Basi nikarukia mimi, maana ukimya ulikuwa ukinitisha siku zote. "Inunuliwe ya kurudi! Kaka asipoitumia, nitaitumia mimi kumfuata."

Mhindi akacheka. "Binti, hii haiendi kinyume."

Baba akauza maksai wa pili, juu ya yule wa nauli ya kwenda, ikanunuliwa ya kwenda na kurudi.

Tikiti yenyewe ilikuwa kijitabu chembamba. Jani moja la kwenda, jani moja la kurudi, na mstari wa vitobo kati ya jani na mgongo wa kitabu. Mama alikitazama sana, kisha akasema lile jani la pili libaki kwake.

Lazima nieleze, maana hakuwa mjinga. Majanji, ukilipia samaki kabla hawajavuliwa, mvuvi huvunja utete vipande viwili. Kimoja chake, kimoja chako. Siku ya kuchukua, vipande vikikutana, samaki ni wako. Mama alifanya biashara hiyo miaka yote na hakuwahi kudhulumiwa. Kwa hiyo akasema, "Mtu hubeba cha kwendea. Cha kurudia hukaa kule anakorudi. Ukikaa nacho wewe, siku ya njaa utakiuza."

"Mama ananifunga kamba," kaka akacheka.

"Ndiyo. Ndefu."

Nikaambiwa nisome kwanza, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa bado cha moto. Nikasoma kwa sauti majina ya miji ambayo ndege ingetua: Entebe, Khartoum, Benghazi, Roma. Utamu wake mdomoni! Chini kulikuwa na herufi ndogo kama mchwa, mistari mingi. Nikaziruka. Nilidhani ni maneno ya wakubwa wa ndege wenyewe kwa wenyewe. Kisha nikaomba wembe. Mama alilaza jani lile ndani ya Biblia yake.

Kaka akaenda. Barua yake ya kwanza ilisema mtu wa uwanja wa ndege aligeuza kijitabu mara mbili, akatikisa kichwa, akampitisha. "Labda alistaajabia wembe wako," aliandika.

Mwezi wa nane tangu aondoke, tumbo la mama lilianza kujaa maji kwa ugonjwa. Hospitalini daktari alimwambia baba, kwenye ujia, ampeleke nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama hapo nimeshika viatu vya mama. Tukatuma telegramu kwenda Ulaya. Jibu likaja: nitumieni karatasi.

Nikapanda basi kwenda Tororo, jani liko kifuani, ili Mhindi aniambie njia ya haraka ya kulituma. Alilishika, akaligeuza, akavua miwani.

"Nani alikata hii?"

"Mimi."

"Binti, nje ya kitabu hii si tikiti. Imeandikwa hapa." Akanionyesha mchwa wangu.

"Lakini tulilipa."

"Mlilipa. Mimi ndiye nilipokea."

"Sasa mbona hukutuambia?" Nilimfokea, mtu mzima kama baba yangu.

Hakukasirika. Akasema taratibu, "Miaka kumi mimi nauza tikiti. Hakuna mtu alikata."

Aliandika barua kwa ofisi kubwa ya Nairobi, papo hapo, mbele yangu. Akaniambia nilitume jani kwa barua ya rejista, kaka alipeleke pamoja na kitabu chake kwenye ofisi ya ndege ya huko, pengine watamhurumia. Nikafanya hivyo. Katika basi nilijizoeza uso wa kuingia nao nyumbani.

"Imekwenda?" mama akauliza.

"Imekwenda."

"Basi anakuja."

Ningeweza kunyamaza. Lakini nikasema, "Anakuja, mama. Huenda wiki hii atakuwa angani."

Kuanzia hapo akawa mkali kama mzima. Kitanda cha kaka kitolewe juani. Jogoo asiguswe. Na kila asubuhi aliniita: "Amefika wapi?" Nami, niliyeyajua majina ya miji, nikawa namsogeza. Leo yuko Roma, mama. Leo Benghazi, wanatia mafuta. Nilipofika Khartoum niliogopa, kwa sababu baada ya Khartoum ni Entebe, na baada ya Entebe ni mlango wetu. Nikamweka pale. Siku ya kwanza injini, ya pili vumbi, ya tatu vumbi tena. Baba alitoka nje kila nilipoanza kusema.

Siku ya nne mama hakuuliza. Alinishika kidole. "Mwanangu," akasema, "mtoe Khartoum. Amechoka."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa makavu, yananijua hadi ndani.

"Ametoka, mama."

"Ametua?"

"Ametua Entebe."

"Vema."

Alikufa kesho yake kabla ya saa sita mchana.

Wazee walimngoja kaka siku moja, kwa heshima tu. Joto halikuruhusu zaidi. Kisha wakamwita mtoto wa baba mdogo, mwanamume mwenye mke na watoto, wakamvika shati la kaka, wakamsimamisha mahali pake. Aliinama, akachota udongo, nusu ukamwagika miguuni mwake. Wengine tukafuata.

Baada ya wiki tatu ikaja barua ya kaka, kujibu telegramu yetu ya msiba. Ofisi imekubali, wamempa karatasi nyingine, anaweza kuondoka siku yoyote. Je, aje?

Baba alinikalisha mezani. "Aje kufanya nini? Mwambie asome."

Niliandika hivyo: baba anasema usome. Habari ya shati sikuiandika. Aliisikia kwa watu wengine, miaka mingi baadaye, alipokuja kututembelea na mke wake. Aliniita pembeni akaniuliza lilikuwa shati lipi.

"Lile la bluu," nikamwambia.