Mama Futi na Amplifaya Iliyonguruma

Jina la Mama Futi hakupewa na wazazi wake. Walimpa wateja, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni. Sokoni anayo, harusini anayo, na mumewe, dereva wa lori, huapa kwamba kuna usiku ilitaka kumnyonga yeye. Miaka ishirini na sita mama huyu ameshona sare, suti, na magauni ya maharusi wembamba na ya maharusi wanaodai ni wembamba. Thubutu kumwambia pindo lake limekwenda upande, halafu uanze kutafuta fundi mwingine.

Sasa fundi cherehani na umeme wapi na wapi? Hilo ndilo swali la shemeji yake, mdogo wa mumewe. Huyo ni fundi redio, na mdomo wake una moto kuliko chuma chake cha kulehemu.

Kisa chenyewe ni amplifaya. Si hizi za plastiki unazozijua wewe. Hii ni ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka kwa ndani kama makaa. Mama Futi aliiagiza ikiwa vipande vipande ndani ya boksi: transfoma mbili nzito kama matofali, valvu tatu, waya za kila rangi na kitabu cha maelezo chenye picha. Marehemu baba mkwe aliacha kinanda cha santuri na spika yake, na kinanda hicho bila amplifaya ni bubu. Mama Futi akaamua kukipa sauti, kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki tatu alilehemu katikati ya oda za watu. Na waya zake! Alizikusanya zote pamoja, akazifunga kwa uzi wenye nta, fundo moja kila upana wa kidole, zikapita katikati ya boksi zimenyooka kama mshono wa suruali ya bwana harusi. Hata shemeji alipoziona alivua kofia. Ikaja Jumamosi mchana, akaiwasha.

Ikanguruma.

Mmmmmmm, kama lori lililokwama mlimani. Santuri ilisikika kwa mbali, kama mtu anayeimba ndani ya pipa lililofunikwa.

"Shemeji," akasema fundi redio, huku akifuta machozi ya kicheko, "umeunda redio au umeunda mashine ya kusaga?"

"Cheka tu, meno ni yako."

"Nipe niende nayo kibandani kwangu. Nusu saa nakurudishia inaimba."

"Mpe mwenzio, mke wangu, yaishe," mumewe akadakia. Yeye alitaka meza ya kulia chakula irudi kuwa meza ya kulia chakula.

Mama Futi akaivuta futi shingoni, kulia na kushoto, ishara ambayo wanaomjua wakiiona huanza kusogea mlangoni. Alikuwa anakumbuka mambo yake. Zamani, kila cherehani yake ilipoharibika, alikuja fundi, akamwambia, "Pisha hapo, mama," na yeye akasimama pembeni mikono nyuma kama mgeni dukani kwake. Siku moja akachoka. Akaifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia apishe tena. Na hii amplifaya ikienda kibandani, ukoo mzima utasema shemeji ndiye aliyeitengeneza. Wataendelea kusema hivyo hadi siku ya kumzika yeye Mama Futi.

"Kesho saa kumi mnakuja kunywa chai hapa," akasema. "Isipoimba, utaibeba mwenyewe. Ikiimba, hutaigusa hata kwa kufuta vumbi."

"Sawa," shemeji akasema. "Nitakuja na baiskeli yenye keria."

Mchana ule ule akaanza. Akachomoa waya wa kinanda. Ngurumo ikabaki pale pale, kwa hiyo kinanda hakina kosa. Ugonjwa umo ndani. Akazima. Kitabu kilikuwa kimeonya kwa wino mwekundu kwamba umeme hubaki ndani hata ukishazima, tena umeme wa kukuondoa duniani. Wanaosema umeme ni kama maji ya bomba hawajawahi kurushwa na umeme. Mama Futi akasubiri, akapima umeme kwa mita, akahesabu kwa sauti kama anayempima mteja kiuno, "Mia mbili... tisini... kumi na tano... sufuri." Ndipo akaingiza mkono.

Akakagua lehemu moja moja kwa miwani ya kutungia sindano. Akapata moja imefifia, haing'ai. Akaichoma upya, akafurahi peke yake, akawasha.

Mmmmmmm.

Jumapili asubuhi hakuonja hata chai. Akazichukua valvu mbili ndogo, akazibadilisha nafasi. Ngurumo ile ile, kwa hiyo valvu ni nzima. Akazima, akasubiri, akaing'oa kabisa ile ya kwanza, inayopokea sauti kutoka nje. Akawasha. Kimya! Akaruka hadi futi ikamdondoka. Lakini akili ikamrudia upesi: bila valvu hiyo hakuna muziki pia. Hata hivyo alikuwa amepata kitu. Huyo mwizi anaingilia mlangoni kabisa, kwenye waya unaoelekea valvu ya kwanza.

Akairudisha. Sasa ilibidi aguse waya huku umeme umewaka. Akachukua kile kijiti chake cha mbao cha kusukumia ncha za kola, kikavu, laini kwa miaka ya kazi. Mkono wa kushoto akauchomeka nyuma kwenye mkanda wa aproni usije ukatamani kusaidia. Akalisukuma taratibu lile fungu lake zuri la waya. Ngurumo ikapanda. Akalivuta. Ngurumo ikashuka. Akalisukuma, ikapanda.

Jasho jembamba likamtoka, na si kwa ajili ya umeme.

Akafungua kitabu ukurasa wa tisa. Kilisema wazi kwamba waya mbili zinazowasha valvu zisokotwe pamoja na zipitishwe pembeni, mbali na waya wa kuingizia sauti. Alikuwa ameusoma ukurasa huo. Aliusoma na kuudharau! Kwenye picha waya zilikwenda kila mmoja na njia yake, kama nyuzi za fundi asiyejua kumaliza nguo, akadhani mchoraji ni mvivu. Basi akamsahihisha. Akaulaza waya wa sauti ubavuni mwa waya za umeme, akazishona pamoja, na siku zote mbili zile za umeme zilikuwa zikiunong'onezea ngurumo yao.

Saa nane na nusu. Akazima, akapima, sufuri. Akachukua kifumulio.

"Unafumua?" mumewe akashangaa. "Kazi safi namna hiyo?"

"Safi ya kutazama. Mimi nataka kusikia."

"Lakini uliikeshea..."

"Baba, kama huna kazi, kachemshe maji ya chai."

Fundo la kwanza lilimuuma kama kufumua gauni la binti yake mwenyewe. Kufika la kumi alikuwa ameuma meno, na mafundo yalikuwa arobaini na moja. Akasokota zile waya mbili za kuwashia, akazibana kwenye kona ya chini ya boksi. Waya wa sauti ulikuwa mfupi kwa njia mpya. Akaukata, akalehemu mwingine, akaungua kidole, akakinyonya, akaendelea. Waya mpya ukapita juu peke yake, umepinda vibaya. Mwanafunzi wa cherehani angemletea nguo yenye kitu kama kile, angemfukuza.

Saa kumi kasoro tano, kengele ya baiskeli ikalia nje. Shemeji akaingia na kamba ya kufungia mzigo begani.

"Yuko wapi abiria wangu?"

Mama Futi akamwonyesha mezani. Akabonyeza swichi. Kimya. Sekunde tano, kumi, kimya tu.

"Umeiua kabisa," shemeji akanong'ona, na safari hii hakuwa anatania.

"Valvu zinapasha mwili. Wewe si fundi? Subiri."

Nyuzi za ndani zikaanza kuwa nyekundu. Hakuna ngurumo. Akateremsha sindano kwenye santuri. Ikakwaruza mara mbili, kisha ngoma, kisha sauti ya mwanamke ikasimama katikati ya chumba, kubwa, ya moto, kama vile amekaribishwa kiti. Mumewe alitoka jikoni na birika mkononi akasahau pa kuliweka.

Shemeji akaweka kamba chini. Akainama, akabandika sikio kwenye spika, akasikiliza hadi wimbo ukaisha. Ulipokatika, akanyanyua kidole.

"Bado kuna kamngurumo kadogo sana, shemeji. Naweza..." Mkono ukaanza kwenda kwenye boksi.

"Kako wapi?"

"Hapa. Sikiliza vizuri."

Mama Futi akainama naye, akakasikia.

"Hako kangu," akasema. "Kaache."